Kodi ya Chumba cha Wifi

"Chumba kimoja, wifi. Kimoja tu, na choo cha nje, cha kushirikiana na watu ambao hata majina yao siyajui," alisema yule wifi mdogo huku akikata shashi ya kufungia vidonda vipande vipande. "Na nikikutajia kodi yake utaacha kuchemsha hivyo vyombo."

"Nitajie tu. Mimi si wa kuzimia," alijibu Mkono Pamba.

Akatajiwa. Hakuzimia, lakini koleo lilimponyoka, likatumbukia kwenye sufuria na kumrushia maji ya moto mkononi. Hata hayo maji hakuyasikia. Kodi ile ilikuwa sawa na mshahara wake yeye wa mwezi mzima. Si karibu yake, si pungufu kidogo, bali sawa kabisa, utadhani mwenye nyumba alipita kwanza hapa kliniki kuuliza.

"Nilikuambia," wifi alisema, akacheka, akaendelea kukata shashi.

Mkono Pamba hakucheka. Alilitoa koleo kwa kijiko, akaanza kupiga hesabu kichwani, na kila alipoipiga hesabu ile ilimtisha zaidi.

Yeye alikuwa msaidizi wa daktari katika kliniki hii ndogo ya njia panda. Ndiye aliyepima presha, aliyechoma sindano, aliyesafisha vidonda na kuwashika watoto wakati daktari anawachungulia masikio. Jina la Mkono Pamba alipewa na wagonjwa, maana sindano yake ilikuwa inaingia na kutoka mtu angali anajiandaa kulia. Kliniki ilikuwa na mwenzake mjini, safari ya nusu siku kwa basi: mwenye mali yule yule, sare ile ile ya buluu, dawa zile zile. Huyu wifi yake, mdogo wa mwisho wa mumewe, alijifunzia kazi humu humu, kisha akapelekwa kule mjini. Sasa alikuwa likizo, na kwa kuwa leo ilikuwa siku ya vidonda na benchi lilijaa hadi nje, alivaa aproni akaingia kusaidia.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Kazi ni ile ile, tajiri ni yule yule, kwa hiyo mshahara ni ule ule. Kama mshahara wote unaishia kwa mwenye nyumba, huyu mtoto anakula nini? Na si kula tu. Jana ameshuka kwenye basi na viatu vipya, gunia la unga, na mabegi mawili ya shule kwa ajili ya watoto wa kaka yake walioko bweni. Pesa haioti chini ya mto. Mkono Pamba aliona majibu mawili tu: ama kuna mwanaume, ama kuna kabati la dawa. Lile la mwanaume lilimuudhi. Lile la kabati lilimkausha mate, maana ndiye aliyemdhamini.

Alisubiri hadi benchi likapungua na daktari akaenda kula. Akafunga mlango wa chumba cha sindano, akavuta kigoda.

"Kaa hapo."

"Nimekosa nini tena?"

"Nyumbani mimi ni mke wa kaka yako. Humu ndani mimi ndiye niliyekushika mkono," Mkono Pamba alisema kwa sauti ya chini. "Niambie mwenyewe kabla sijaambiwa na polisi. Hizo dawa unamuuzia nani?"

Wifi alitumbua macho. "Dawa gani?"

"Au ni mwanaume. Kama ni mume wa mtu, sema tu, hilo tutalizungumza. La dawa siwezi kukusaidia."

Binti alianza kucheka, na alicheka vizuri tu, mpaka alipomtazama wifi yake usoni akaona hakuna mzaha. Kicheko kikamfia mdomoni.

"Wifi, hakuna dawa, wala hakuna mwanaume. Nalipa kodi kwa mshahara wangu."

"Mshahara upi?"

"Wa kliniki."

"Kliniki ipi?"

"Hii hii. Ya kule."

Nje mtoto alikuwa akilia na mama yake akimtisha kwa jina la daktari, kama wanavyofanya kina mama wote, halafu wanashangaa mtoto akimwogopa daktari.

"Ukishalipa hiyo kodi," aliuliza Mkono Pamba, "unabaki na nini?"

Wifi aliangalia vidole vyake. "Nabaki na kama hicho unachopata wewe. Na kidogo zaidi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wangu wa kwanza kule."

"Peke yako?"

"Wote, wifi."

"Yule mrefu aliyekuwa anagonga taa kwa kichwa?"

"Naye."

"Yule aliyekuwa anazimia akiona damu?"

Wifi alitamani angeweza kudanganya, na haikuwa tabia yake. "Yule siku hizi ni mkubwa wa zamu. Anatuzidi sisi wote."

Wanasema ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mkono Pamba alikaa juu ya kitanda cha wagonjwa, yeye ambaye hukataza watu kukikalia bure. Huyo wa kuzimia alimdaka mara tatu kwa mikono yake mwenyewe, akampepea kwa faili, akambembeleza asiache kazi. Na si huyo tu. Mwenye kliniki alikuwa na desturi yake: kila msaidizi mpya analetwa kwanza hapa njia panda kujifunza kwa miezi sita, akiiva anapelekwa mjini. Naye Mkono Pamba alikuwa na desturi yake: sindano ya kwanza ya kila mwanafunzi ilichomwa kwenye mkono wake mwenyewe, wa kushoto. "Ukinichoma vibaya mimi, nitakusamehe. Mgonjwa hatakusamehe." Mkono ule ulikuwa na alama ndogondogo kuanzia kiwiko kwenda chini. Alijivunia kuzionyesha. Wifi yake peke yake aliukosa mshipa mara nne, akalia, na mwenye mkono ndiye aliyembembeleza.

Sasa aliutazama ule mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Mbona hakuna hata mmoja aliyeniambia?"

"Kule tunaambiwa mshahara ni siri ya mtu na ofisi. Halafu, wifi, tungekuambiaje? Mtu aanzie wapi? Kila mmoja alisema mwingine atakwambia." Binti alikuwa anachokoachokoa ukingo wa aproni kwa kucha. "Mimi nilimwambia kaka."

"Kaka yupi?"

"Nina kaka wangapi mimi?"

Mlango ukagongwa. Daktari amerudi, na benchi limejaa tena.

Ile alasiri Mkono Pamba alifanya mambo ambayo hakuwahi kuyafanya. Mtoto mmoja alimpima uzito mara mbili, na mara zote mbili akasahau kuandika. Mfanyabiashara mnene wa pale sokoni alifungwa mkanda wa presha, ukakazwa vizuri, kisha akaachwa hivyo hivyo, msaidizi amesimama na kipira cha kupulizia mkononi anatazama ukuta.

"Dada," yule bwana aliuliza baada ya kungoja sana, "vipi, nimeshakufa?"

Watu kwenye benchi wakacheka. Mkono Pamba naye akacheka, lakini kicheko kilimpeleka mahali pabaya, ikabidi ajifanye anatafuta pamba kabatini ili wasimwone macho.

Jioni hakumsubiri wifi yake. Alipita moja kwa moja kwenye karakana ya mumewe. Huyu alikuwa seremala, mtu wa maneno mengi na mzaha mwingi, na wateja walikuwa wanamsamehe kuchelewa kwake kwa sababu ya ule mzaha. Alikuwa anapiga randa ubao wa mlango.

"Mke wangu leo kaniletea miguu hadi kazini," alisema bila kuinua kichwa. "Nimepata cheo au nimepata kesi?"

"Ulijua?"

Randa ikasimama katikati ya ubao. Hakuuliza alijua nini. Kama angeuliza, hata kwa uongo, pengine moyo wa mwanamke ungepata pa kushika. Akapangusa maranda kwenye ubao uliokwisha kuwa safi.

Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa ndani ya nguo zenyewe.

"Mwaka jana nilipouza cherehani yangu tukalipa ada," Mkono Pamba alisema polepole, "ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ukaibeba wewe mwenyewe begani kumpelekea mnunuzi."

"Niliibeba."

"Ukanitania njiani. Ukasema sasa nitashona kwa sindano za hospitali."

Mume alikaa juu ya gogo. Mzaha ulikuwa umemwisha wote. "Ningekwambia, ungekwenda," alisema. "Na mimi kule nina nini? Kule milango inauzwa dukani, imeshapakwa na rangi. Huku mimi ni fundi. Kule nitakuwa mzee mmoja mwenye msumeno. Kila mwezi nilisema mwezi huu nitamwambia. Mwezi unaisha, nakuona unaondoka asubuhi umefurahi na kazi yako, nasema basi, mwezi ujao."

"Kwa hiyo ukaona heri mimi nidhulumiwe kuliko wewe uwe mpweke."

Alitaka akatae, na uso wake ulionyesha kwamba anataka. Halafu akasema, "Ndiyo," kwa sauti ndogo, na lile "ndiyo" lilimshtua mkewe kuliko mambo yote aliyoyasikia siku ile. Alikuwa amejiandaa kwa uongo. Aliondoka, na mgongoni hakusikia randa ikianza tena.

Asubuhi alifika kazini kabla ya daktari, akampigia simu msimamizi wa kule mjini. Huyu alikuwa bwana mwenye sauti tamu. Miaka yote alikuwa akimwita "mama yetu", na kila mwanafunzi alipoiva alipiga simu kumsifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema huyu alisifiwa mwaka hadi mwaka na hakutia hata tone, na hicho ndicho alichoambulia.

Msimamizi hakukana. "Ni kweli, mama yetu. Mshahara unafuata mahali, haufuati mtu. Mjini maisha ni ghali: kodi, nauli, chakula. Huko mliko unaweza hata kulima mchicha."

"Mishipa ya watu wa huku ni ya bei nafuu?"

"Usiseme hivyo, mama."

"Nauliza. Na hao niliokufundishieni, kazi ya kuwafundisha inalipwa kwa bei ya huku au ya huko?"

Karatasi zikasikika zikigeuzwa, ingawa hapakuwa na karatasi ya kutafuta.

"Hiyo haimo kwenye mshahara," alisema msimamizi. "Kusema kweli, hiyo tulijua unaifanya kwa moyo."

Ni kweli Mkono Pamba alifanya kwa moyo, na hapo ndipo palipomuuma. Wangemwambia alifanya vibaya angekuwa na la kujibu.

"Nikitaka kuhamia huko?"

"Nafasi ipo, hata mwezi ujao, wala haigombewi," alisema yule bwana, na mara moja sauti yake ikageuka ya kubembeleza. "Lakini mama, wapya nitampelekea nani? Hapa nina mmoja anakuja huko Jumatatu. Halafu wewe una nyumba hapo, una mume, watu wamekuzoea. Hata siku moja hatukuwahi kufikiria kwamba wewe ungeondoka."

Alilisema kama sifa. Mkono Pamba alilisikia, akalirudia moyoni, na pole pole likamfungukia. Wala haikuwa kodi, wala nauli, wala mchicha. Mrefu angeweza kuondoka. Wa kuzimia angeweza kuondoka. Yeye walimtazama wakaona mtu asiye na pa kwenda, wakamlipa hivyo.

"Andika jina langu," alisema.

"Fikiria kwanza hadi—"

"Nimefikiria miaka mingi bila kujua nafikiria nini. Andika."

Akaweka simu chini. Akaanza kupanga sindano za siku, moja moja, hadi daktari alipoingia.

Habari ina miguu. Kabla ya saa sita mama mwenye kidonda cha mguu, aliyekuwa akifungwa bandeji na yeye kila wiki tangu mvua za mwaka juzi, alimshika mkono na kumuuliza nani atamfunga sasa. "Wengine wananivua bandeji kama wanamnyonyoa kuku," alisema. Mkono Pamba alimaliza kumfunga, akamwelekeza daktari namna ya kulowanisha bandeji kwanza, na daktari, kijana mpole, akasikiliza huku akijua kwamba hatapata muda huo.

Wifi naye alikuwa anazunguka nyuma yake kama mtu aliyevunja sahani. "Wifi, nisikilize," alisema walipobaki wawili. "Kodi itakula nyongeza yote. Mwisho wa mwezi utabaki na kile kile unachopata hapa. Utakuwa umehama bure."

"Na ile kidogo zaidi?"

"Ni kidogo kweli."

"Basi na iwe kidogo. Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo nilivyofundishwa. Nimecheza kwetu mpaka miguu imechoka, na aliyetunzwa ni mwenye uwanja." Alivua glavu, akazitupa. "Nikifika kule kodi itanila, sawa. Itanila hali nimelipwa."

Wifi alilia kidogo. Kisha akasema chumba cha jirani yake kinaachwa mwisho wa mwezi, na kwamba atakishikilia.

Jioni nyumbani Mkono Pamba alimweleza mumewe kwa maneno machache: ameomba uhamisho, amekubaliwa, anaondoka mwisho wa mwezi. Alimwambia wakati anampakulia mchuzi, ili mikono iwe na kazi. Alitegemea ugomvi, na alikuwa amejiwekea akiba ya maneno ya kutosha. Mume alikula, akashukuru, akatoka akaenda kukaa nje. Kesho yake vivyo hivyo. Nyumba iliyozoea mzaha wa yule bwana ilianza kusikika milango yake na mabati yake, na mke aligundua, kwa mshangao uliomuudhi, kwamba hasira yake haikumzuia kusubiri sauti ya mtu.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wakati anatenga nguo za kwenda na za kubaki, mume aliingia chumbani na spana mfukoni na penseli nyuma ya sikio. Hakumtazama mkewe. Alimwita dada yake, ambaye naye alikuwa anakunja nguo zake akijiandaa kwa basi la mchana.

"Hicho chumba ulichosema, cha jirani yako," alimuuliza, "mlango wake una upana gani?"

Wifi akafikiri, akanyoosha mikono hewani kupima. "Hivi. Milango yote pale ni ya aina moja, myembamba. Kitanda changu ni cha mtu mmoja na kilipita kwa ubavu."

"Cha watu wawili?"

"Hakipiti, kaka."

Mume aliitikia kwa kichwa. Akaliondoa godoro, akaliegemeza ukutani, akapiga magoti mbele ya kitanda chao, kile alichokitengeneza mwaka waliooana kwa mbao alizokopa. Akatia spana kwenye bolti ya kwanza. Ilikuwa imeshika kutu, ikalia kabla ya kulegea.

"Cha zamani hakiungwi na kila mtu," alisema, akiongea na ile bolti. "Kina ulemavu wake. Mguu wa huku ni mfupi, una kipande chini. Asiyejua atakiunga kitakaa mwaka mzima kinayumba."

"Sasa kule atakiunga nani?" Mkono Pamba aliuliza.

Alishangaa sauti yake ilivyotoka. Wifi aliacha kukunja nguo. Mume alichukua penseli, akaandika namba moja kwenye mguu wa kitanda na namba moja kwenye ubao ulioungana nao, akazikoleza vizuri zisije zikafutika njiani. Akahamia kona ya pili.

"Shika hapa," alisema, "usije ukadondoka. Msumeno wangu tutaufunga humu humu na mbao."

Mkono Pamba akaushika ubao. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani, na aliendelea kuushika kwa mikono miwili huku bolti ya pili ikilia, na ya tatu, na mumewe akiandika namba zake bila haraka.